Umemaliza uuguzi, madeni ndiyo yanaanza: jinsi ya kuyapanga ukiwa Uganda

Siku ya mahafali yangu watu wanane wa ukoo walipanda basi la usiku kutoka Arua kuja Kampala kunishangilia. Kati ya hao wanane, watano walikuwa wananidai. Tulipiga picha, mama akapiga vigelegele, na ndani ya joho simu yangu ikawa inatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kunikumbusha mkopo wa simu niliochukua kulipia joho hilohilo.

Naandika haya kwa nesi au mkunga aliyetoka chuoni juzi na hajui aanzie wapi. Nimekulia kambi ya polisi, na Kiswahili ndiyo lugha niliyojifunzia kudai na kudaiwa, kwa hiyo nitasema kama tunavyosema sisi.

Wengi huliogopa kuliko yote deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa lina muhuri na sheria nyuma yake. Mimi nimeona kinyume. Deni la bodi hutembea polepole, linakupa muda, na mwisho wake unajulikana. Yanayomla nesi ni yale madogo: ya simu, ya mkopeshaji wa mtaani, ya rafiki wa hosteli, ya mjomba ambaye hajawahi kutaja kiasi. Ndiyo maana mpango wote hapa chini umesimama juu ya jambo moja. Mwaka wa kwanza baada ya masomo, kabla bodi haijaanza kukukata, uutumie kumaliza madogo yenye meno.

1. Andika kila deni, hata la mama wa chapati

Bodi ya mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na watu huiita kwa herufi zake, HESFB. Mkopo wake hulipa karo na ada za chuo. Haulipi chakula wala chumba. Haulipi viatu vyeupe, saa ya kubandika kifuani, wala nauli ya kwenda hospitali ya mazoezi. Kwa hiyo hata aliyesomeshwa na bodi hutoka na madeni mengine ya pembeni. Aliyesoma cheti au diploma katika chuo cha binafsi bila mkopo huo, deni lake lote liko mikononi mwa watu.

Chukua daftari, siyo simu. Simu huishiwa chaji. Chora safu nne. Ya kwanza ni jina la anayekudai. Ya pili, kiasi kilichobaki. Ya tatu, deni linaongezekaje: kwa mwezi, kwa wiki, au haliongezeki kabisa. Safu ya nne ndiyo wengi huiacha: nikichelewa, huyu atafanya nini?

Safu hiyo ya nne itakupangia foleni kuliko kiasi chenyewe. Anayekudai milioni mbili na hatafanya chochote mwaka huu anaweza kusubiri. Anayekudai laki moja na ameshika kadi yako ya benki, huyo ni wa leo.

Usione haya kuandika madogo. Mimi nilikuwa nadaiwa rolex kumi na saba, zile chapati za kuviringishia mayai, na kijana wa kwenye geti la chuo. Nilimlipa nilipopata mshahara wa kwanza, akashangaa, kwa sababu alikuwa ameshazisamehe moyoni.

2. Komboa karatasi zako kabla ya kitu kingine

Ukiwa na salio la ada chuoni, matokeo yako yanaweza kukaa kabatini kwao, na bila matokeo huendi popote. Kwa Uganda mtu haruhusiwi kufanya kazi ya unesi au ukunga mpaka asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga, UNMC, chini ya sheria ya mwaka 1996. Baada ya usajili kuna leseni ya kufanyia kazi, na leseni ina tarehe ya kuisha. Hilo ndilo jembe lako. Mkulima mwenye deni hauzi jembe ili alipe deni.

Hivyo pesa ya kwanza itakayopita mkononi mwako, hata ya mchango wa harambee ya mahafali, ipeleke huku: salio la chuo, usajili, leseni. Mjomba akiuliza kwa nini hujampa chochote, mwonyeshe risiti. Watu wa ukoo wakiona karatasi huelewa haraka kuliko wakisikia maelezo.

Chuo kikikukatalia karatasi, nenda mwenyewe kwa mhasibu ukiwa na sehemu ya pesa mkononi na tarehe za kulipa iliyobaki. Omba makubaliano yaandikwe. Kupiga simu hakusaidii. Mimi nilipiga simu miezi miwili, kisha nikaenda siku moja nikiwa na robo ya deni ndani ya bahasha, nikarudi na nakala iliyogongwa muhuri.

3. Zungumza na bodi kabla haijakutafuta

Ukiwa na mkopo wa bodi, unapewa mwaka mmoja wa neema baada ya kumaliza masomo, ndipo marejesho yanaanza. Mwaka huo huonekana mrefu, lakini kwa mwenye digrii una mtego: baada ya miaka minne ya chuo kuna mwaka wa mazoezi ya kazi, yaani intanishipi, na kabla ya kupangiwa hospitali mtu huweza kusubiri nyumbani miezi kadhaa. Posho ya intanishipi nayo imewahi kuchelewa mpaka watu wakagoma. Ukitoka huko na kuanza kutafuta kazi, neema imekwisha.

Wakati neema ingalipo, fanya haya.

Omba taarifa ya mkopo wako: kiasi ulichopewa, kilichoongezeka, na tarehe ya kuanza kulipa. Linganisha na daftari lako. Ukiona muhula ambao hukusoma umehesabiwa, lalamika sasa kwa maandishi, siyo miaka mitatu baadaye.

Wape namba ya simu na anwani unayotumia leo. Wengi tuliomba mkopo kwa laini ya baba au ya kaka, laini ikafa, na barua zikaishia hewani.

Ukipata kazi, mwambie mwajiri kwamba una mkopo wa bodi. Makato hupitia kwenye mshahara, na kuficha kunaahirisha tu siku ya kukatwa. Ukiona makato kwenye slipu, usiamini tu kwamba yamefika. Baada ya miezi michache omba taarifa tena uone kama salio limeshuka. Pesa iliyokatwa na kukwama njiani bado inahesabiwa kwako.

Usiwasahau wadhamini wako. Mara nyingi ni mwalimu wa zamani au jirani mwenye mshahara aliyesaini kwa huruma. Mpigie mara moja kwa mwaka umwambie deni liko wapi. Asisikie jina lake likitajwa ofisini kabla hajasikia kutoka kwako.

4. Piga hesabu kwa pesa inayoingia mfukoni

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23 serikali ilipandisha sana mishahara ya watumishi wa afya, na tangu hapo kila ndugu anaamini nesi ni tajiri. Hajui kwamba wengi wetu tunaanzia kliniki na hospitali za binafsi, ambako mkataba ni neno la mdomo na mshahara ni mazungumzo.

Tuseme hospitali ya binafsi imekupa shilingi 700,000 kwa mwezi. Kodi ya mshahara haigusi 235,000 za mwanzo. Laki moja inayofuata hukatwa asilimia 10, kutoka 335,000 hadi 410,000 asilimia 20, na juu ya hapo asilimia 30. Kwa 700,000 inatoka 112,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5 yako, yaani 35,000, na mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 kutoka kwake, hakikisha anaiweka. Unabaki na 553,000. Kuna pia kodi ya huduma ya mtaa, ambayo kwa mwaka mzima haizidi 100,000.

Sasa toa chumba 150,000, chakula 150,000, nauli 60,000, simu na vidogovidogo 20,000. Inabaki 173,000. Hiyo ndiyo pesa yako ya kupigania madeni. Ukimwahidi mtu laki tatu kwa mwezi, umemdanganya, na umejidanganya wewe kwanza.

Mimi niliigawa hivi: 100,000 kwa deni baya kuliko yote, 40,000 nyumbani, na 33,000 kwenye bahasha ya leseni na dharura. Bahasha hiyo ilionekana anasa mpaka mwezi nilipougua malaria na kukosa zamu nane.

5. Ua deni lenye riba ya mwezi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoungulia.

Watanzania wana jina zuri la mikopo hii: kausha damu. Mkopeshaji ana kiofisi karibu na hospitali, hachelewi, hakuulizi mengi. Anataka kadi yako ya benki na namba yake ya siri, au kitambulisho cha taifa. Mshahara ukiingia anatoa yeye, anakukabidhi kilichobaki kama vile anakupa zawadi.

Chukua mkopo wa 300,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni 60,000. Ukilipa 60,000 kila mwezi, baada ya mwaka utakuwa umetoa 720,000 na bado unadaiwa 300,000 ileile. Ukilipa 100,000 kila mwezi, deni linaisha karibu na mwezi wa tano, na utakuwa umetoa zaidi ya laki tano. Ile 40,000 ya juu ya riba ndiyo inayokutoa shimoni. Ndiyo maana nasema usigawanye pesa ya deni sawasawa kwa wote. Wape wengine subira, huyu mpe pesa.

Ujue na haki yako. Wakopeshaji wa aina hii wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka ya kusimamia wakopeshaji wadogo iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Sheria hiyo inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa, pasi, au kadi ya benki kama dhamana. Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha riba yao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, laki tatu zako zingezaa 8,400 mwezi wa kwanza, siyo 60,000. Ukilipa laki moja kwa mwezi ungemaliza mwezi wa nne kwa kutoa kama 318,000.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Nenda benki useme kadi haiko mikononi mwako, ifungwe, upewe nyingine. Kisha rudi kwa mkopeshaji na mtu mzima mmoja, shahidi, useme utalipa deni lote kwa tarehe hizi na kwa riba ya kisheria. Atapiga kelele. Muulize namba ya leseni yake. Wengi hapo hupunguza sauti. Akiendelea kutisha, andika malalamiko UMRA ukiambatisha ujumbe wake wa simu. Lakini usikimbie deni lenyewe: pesa ulikula, mtaji wake urudishe.

Mikopo ya simu ni mdogo wake. Ada ikiwa asilimia 9 kwa siku 30, laki moja inazaa 9,000, na mtu huona ni kidogo. Ukilipa na kukopa tena palepale kila mwezi, mwaka ukiisha ada imepita laki yenyewe. Ongeza gharama ya kutoa pesa, pamoja na kodi ya nusu asilimia ya kila unachotoa kwenye simu. Lipa mara moja, kisha kaa mwezi mzima bila kugusa. Utatetemeka wiki ya tatu. Nunua unga wa posho wa kutosha na maharage mapema, wiki ya tatu ikukute na gunia.

Kuna jinsi moja ya kukopa ili kulipa ambayo naikubali: sacco ya kazini, yenye riba ndogo, mkopo unaoenda moja kwa moja kumzima mkopeshaji wa mtaani. Lakini sharti uwe umeshabadilisha kadi na kufuta mikopo ya simu. La sivyo utakuwa na deni la sacco na, baada ya miezi miwili, mkopeshaji yuleyule tena. Nimemwona mwenzangu wa wodi ya watoto akifanya hivyo mara tatu. Ukishindwa kulipa benki, jina lako nalo linaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo benki zote huzisoma tangu Benki Kuu ilipoanzisha mfumo huo 2008.

6. Kaa na wazee wa nyumbani

Deni la ukoo ni gumu kwa sababu halina kiasi. Nilipomuuliza mjomba ni shilingi ngapi alizonilipia, alikasirika. "Mwanangu, mimi sikukukopesha. Nilikusomesha." Nikafurahi. Wiki mbili baadaye akanipigia kuniambia kwamba binamu yangu amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, na kwamba yeye amekumbuka kuwa nina kazi.

Kwa hiyo usisubiri simu. Nenda nyumbani mwenyewe, ukiwa na sukari na sabuni kama desturi, uombe wazee wakae. Anza na shukrani, na zitaje kwa majina: "Mjomba, uliuza ng'ombe mwekundu muhula wa pili. Shangazi, ulinipa nauli mara nne." Mtu akijua kwamba unakumbuka, nusu ya deni imelipwa. Kisha fungua daftari. Onyesha mshahara baada ya makato. Waone chumba, waone chakula, waone 173,000. Mwambie kila mmoja utakachofanya na lini. Taja kiasi kidogo unachoweza kutuma kila mwezi bila kukosa, na siku yenyewe. Elfu arobaini inayofika kila tarehe tano ina heshima kuliko laki mbili ya Krismasi ikifuatwa na ukimya.

Kama mama alichukua pesa za mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, zile milioni moja za kila kaya, akaziweka kwenye ada yako badala ya kuku, hilo ni deni lenye karatasi. Riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka, ndogo. Liandike, ulipe polepole, lakini usimwache mama akaaibika mbele ya kikundi chake.

Sema na hapana yako mapema. Mimi nilisema: kwa miaka miwili nitalipa karo ya mtoto mmoja tu, siyo watatu. Baba mdogo alinuna. Alirudi kunisalimia baada ya Idi.

7. Kuongeza pesa bila kuua mtu

Zamu za ziada zipo, hasa mijini: unafanya kazi yako mchana, na usiku wa Ijumaa unashika zamu kwenye kliniki ya mtu. Nimefanya. Zamu mbili za ziada kwa wiki zinabebeka. Nne, mkono unaanza kutetemeka juu ya sindano. Siku nilipokaribia kumchoma mtoto dozi ya mtu mzima, saa kumi alfajiri, niliacha kliniki moja asubuhi hiyohiyo. Deni halikulalamika.

Ukiwa na mtaji, duka la dawa ni biashara ambayo nesi anaiweza, ila linataka leseni ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, na dawa zinunuliwe kwa risiti. Dawa za serikali zina alama na kesi zake zinajulikana. Usiziguse, hata kama mkuu wa kituo anakukonyezea jicho.

8. Kuhusu kwenda nje

Kila nesi mwenye deni hufuatwa na dalali wa Ulaya au Ghuba. Uganda imo katika orodha ya WHO ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza hairuhusu mawakala kuja kuvua manesi katika nchi za orodha hiyo, ingawa mtu binafsi anaweza kuomba kazi mwenyewe. Kwa hiyo anayekuambia lete milioni tano nikuingize hospitali ya London, muulize vizuri. Kwa nchi za Ghuba, tazama kama kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia na Kazi kabla hujatoa hata nauli. Usikope kwa kausha damu ili kwenda. Ukienda kwa njia halali, deni la bodi linakungoja. Waachie njia ya kukupata na uendelee kulipa kutoka huko.

9. Mwezi ukiharibika

Utaharibika. Ukiajiriwa na wilaya, unaweza kufanya kazi miezi kadhaa kabla jina halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Malimbikizo huja baadaye, mara nyingine baadaye sana. Wiki hiyohiyo unayojua pesa haitakuja, watumie wote wanaokudai ujumbe mfupi: jina, kiasi, sababu, tarehe mpya. Usiseme "karibuni". Sema "tarehe 28". Na malimbikizo yakifika kwa mkupuo, yalishapangiwa kazi kwenye daftari kabla hujayaona, maana siku hiyo hata fundi viatu atakujua kwa jina.

Usianze masomo ya kujiendeleza, kutoka cheti kwenda diploma au diploma kwenda digrii, wakati deni lenye riba ya mwezi bado linapumua. Shule haikimbii.

Kila deni likiisha, chukua karatasi. Kwa bodi na sacco ni barua ya kumaliza mkopo. Kwa mtu wa mtaani ni saini yake kwenye daftari lako, mbele ya shahidi yuleyule. Futa jina kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, kisha mpigie mdhamini wako umwambie yuko huru.